Ncha ya mkono wa kreni ya mnara imeshuka: nikaze waya au niache?

MsimamiziSaiti
Wakuu, naomba ushauri. Kreni ni ya mnara, ile yenye kichwa kirefu juu, mkono wa mbele mita 40. Mkono umeshikwa na waya mbili za milimita 28 zinazokwenda sambamba. Zinaanzia kichwani, mita 7 juu ya bawaba ya mkono, na zimefungwa mita 28 kutoka bawabani. Kila waya ina kikazio (kifaa kinachozungushwa kukaza waya) cha thredi M42 upande wa kichwani. Waya ni mpya. Tangu kreni isimamishwe ncha imeshuka milimita 120, na waya ya kushoto inaonekana kulegea kuliko ya kulia. Opereta anataka tupande na spana tukaze raundi kadhaa, mkono ukiwa hewani bila mzigo. Ni sawa? Na raundi ngapi?

Bawaba
Asipande mtu kwanza, mkuu. Kabla ya kuilaumu waya, hakikisha si mlingoti, yaani nguzo ya kreni. Subiri asubuhi isiyo na upepo, rudisha troli (kigari kinachobeba ndoano) hadi mwanzo wa mkono, ndoano tupu, kisha pima kimo cha ncha kwa leveli mkono ukielekea pande nne. Ncha ikishuka upande mmoja na kupanda upande wa pili, tatizo ni mlingoti kuinama au boliti kulegea, na waya hazihusiki. Kumbuka mwinamo wa 1 kwa 1,000 tu unashusha ncha ya mkono wako milimita 40. Ikiwa imeshuka sawa pande zote nne, hapo ndipo uangalie waya, pini na matundu ya pini yaliyoliwa hadi kuwa kama yai.

Tukichukulia ni waya, hesabu ni fupi. Ncha milimita 120 kwa mita 40 ni milimita 84 pale mita 28. Waya imelala kwa pembe ya digrii 14 hivi, kwa hiyo zidisha kwa 0.24 (saini ya pembe hiyo): imerefuka karibu milimita 20. Kwa waya mpya ya mita 29 hilo halishangazi, ni nyuzi zake zinajipanga, hasa kama haikuvutwa kiwandani kabla ya kukatwa. M42 ina hatua (umbali kati ya thredi na thredi) ya milimita 4.5, na kikazio kinavuta pande zote mbili, yaani milimita 9 kwa raundi. Unahitaji raundi mbili na kidogo. Ona jinsi raundi moja inavyoinua ncha zaidi ya sentimita 5. Ndiyo maana "raundi kadhaa" za opereta zinanitia wasiwasi.

Na kimo sahihi cha ncha kipo kwenye mwongozo wa mtengenezaji. Usikikadirie kwa jicho.

Fundi Pini
Kukaza mkono ukiwa unaning'inia: hapana. Tuseme mkono una tani 4 na kitovu cha uzito kiko mita 18. Hiyo ni tani-mita 72, na umbali wa waya kutoka bawabani, ukipimwa kwa pembe mraba, ni mita 6.8, kwa hiyo waya mbili zinavuta karibu tani 10.6 hata bila mzigo. Ukizungusha kikazio chini ya mvuto huo thredi zinakwanguana na kung'ang'ania, na waya inajisokota pamoja nacho.

Mkono unabebwa na kreni ya magurudumu, kwenye sehemu ya kunyanyulia iliyowekwa alama. Kwa mfano wetu, ukishika pale mita 28, ndoano itasoma tani 2.6 hivi waya zikianza kulegea. Hapa ndipo wengi wanasahau jambo: uzito wa mkono ukishaondolewa wakati mawe ya uzani (yanayosawazisha mkono) bado yako nyuma, mlingoti wote unavutwa kinyumenyume. Mwongozo unaeleza ni mawe mangapi yanaruhusiwa kubaki mkono usipokuwa na kazi. Kama ni lazima kupunguza, punguza kwanza, kwa mpangilio ule ule wa mwongozo.

Wakati wa kuzungusha, shika ncha ya waya kwa spana ya pili isizunguke. Ukimaliza, thredi ionekane kwenye tundu la ukaguzi pande zote mbili, nati za kufungia zikazwe, kisha funga waya ya usalama kikazio kisijizungushe kwa mtikisiko. Spliti pini ziwe mpya.

MsimamiziSaiti
Asante sana. Na hiyo ya kushoto iliyolegea nitaipimaje bila kifaa cha kupimia mvuto?

Bawaba
Kwa saa ya mkononi. Mkono ukiwa umerudi kuning'inia na kreni imezimwa, sukuma waya kwa ubavu, hesabu mitikisiko 20, rudia kwa nyingine. Kwa mfano uliotolewa kila waya itachukua sekunde 9 hivi. Mvuto unafuata kinyume cha muda mara muda: moja ikitumia sekunde 9 na nyingine 10, ya kwanza inabeba karibu robo zaidi. Waya hizi si laini kama unavyodhani. Raundi moja upande mmoja tu inaleta tofauti ya tani 1 hivi baina yao. Kwa hiyo sawazisha kwa robo raundi, na kila marekebisho yanataka mkono ubebwe tena.

Mkaguzi wa Waya
Naongeza. Kabla ya kukaza lolote, safisha grisi na ukague mahali waya inapoingia kwenye soketi, yaani kifungio cha mwisho wa waya. Ndipo uchovu wa chuma unapoanzia. Kwa ISO 4309, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi wa waya za kreni, nyuzi mbili zilizokatika hapo zinatosha kuikataa waya. Usiikate na kuifunga upya, maana urefu utabadilika. Badilisha zote mbili kwa pamoja, zilizopimwa urefu chini ya mvuto mmoja. Klipu za waya hazina nafasi hapa.

Baada ya marekebisho, swichi za kikomo cha mzigo na momenti (mzigo mara umbali wake) zipimwe upya kwa mizigo inayojulikana. Kwenye kreni nyingi swichi hizo zinasoma jinsi chuma kinavyopinda, nawe umebadilisha mkao wake.

Andika kimo cha ncha kila wiki. Waya ikishajipanga inatulia. Ikiendelea kushuka baada ya kukazwa mara moja, acha spana, simamisha kreni. Kuna kitu kinateleza kwenye soketi au kinachanika.

MsimamiziSaiti
Nimepima pande nne: imeshuka sawa zote, tofauti milimita 8 tu. Naagiza kreni ya magurudumu.

Fundi Pini
Sawa. Uliza kwanza ya mawe ya uzani.