Daftari la viazi kuwa data kwa Python

Muuliza, Uyole: Habari za kazi ndugu zangu. Nanunua viazi, na kila jioni naandika kwenye faili la maandishi matupu: jina, magunia, bei. Mfano: `Mama Tumaini Isyesye 14 65,000`. Natumia `split()` ya Python, inayokata mstari kila penye pengo, lakini majina mengine yana maneno mawili, mengine matatu, basi magunia yanahama nafasi. Jana nusura nimpunje mkulima, sikulala vizuri. Nifanyeje?

Jibu, Mafinga: Pole kaka. Usikate kuanzia kushoto. `j, m, b = mstari.rsplit(None, 2)` inakata mara mbili tu kutoka kulia, jina linabaki zima. Kisha jenga kamusi (`dict`, kila thamani na jina lake): `{"jina": j, "magunia": int(m), "bei": int(b.replace(",", ""))}`. Bila hiyo `replace`, `int` itaukataa mkato na kukurushia kosa la `ValueError`.

Jibu, Tukuyu: Mstari ukigoma usiuruke kimyakimya, uchapishe na namba yake. Hela ya mtu hiyo.

Muuliza: Ahsanteni sana! Yote imekubali isipokuwa mmoja, niliandika `14gunia`. Nimeshampigia mwenyewe tuhakikishe.