Mrejesho: ile nyumba ya Diani

Jamani, mwaka jana niliwauliza kama ninunue nyumba Diani, ufukweni kusini mwa Mombasa, tuitumie likizo na siku nyingine niwapangishe wageni. Nilinunua.

Agosti na Desemba ilijaa. Aprili na Mei, masika yalipokolea, hata paka hakupiga hodi. Ila kilichonitoa jasho ni chumvi ya upepo wa bahari: bawaba za madirisha zimeshika kutu ndani ya miezi minane, na feni ya sebuleni inalia kama cherehani.

Aliyenishauri nitafute mtu mwaminifu wa kupokea wageni na kufua mashuka, ahsante sana. Mama niliyempata ndiye anayeiendesha ile nyumba, mimi jina tu.

Krismasi, wenye nyumba tulilala kwa shemeji, mji wa jirani wa Ukunda. Wageni walishalipa.