Sokwe wa Mahale: nikodi lenzi ya 70-200 f/2.8 au 150-600?

Mwanaziwa
Wakuu, habari za jioni. Agosti naenda Hifadhi ya Taifa ya Mahale na wenzangu wawili kuchukua picha na video ya sokwe, filamu fupi ya kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari hapa Kigoma. Wengi wao wanaishi kando ya Ziwa Tanganyika hilihili na sokwe hawajawahi kuwaona. Kamera ninayo, ya sensa kubwa (full frame; sensa ni kile kipande kinachopokea picha). Lenzi nakodi, na bajeti inaruhusu moja tu: ya milimita 70-200 f/2.8, au ndefu ya kuvuta mbali, 150-600 f/5-6.3. Nichukue ipi?

Lenzi_Ndefu
150-600 bila kufikiria mara mbili. Mimi kazi zangu ni Serengeti. Pale Seronera gari haliruhusiwi kutoka nje ya njia, chui yuko kwenye mgunga kule mbali, na mwenye 200 anarudi na kidoa cha manjano. Halafu Mahale kuna kwazi (tai mla samaki) na viboko ufukweni. Utawapata kwa lenzi gani kama si 600?

Kungwe
Mkuu Lenzi_Ndefu, kwa Serengeti nakuunga mkono. Mahale ni nchi nyingine kabisa. Barabara hakuna, unafika kwa boti au kwa ndege ndogo, kisha unawafuata sokwe kwa miguu kwenye miteremko. Watafiti wa Kijapani wako nao tangu 1965, kwa hiyo kundi wanalopelekwa wageni limeshazoea watu. Kanuni inakutaka ukae mita 10 kutoka kwa mnyama.

Sasa piga hesabu. Kwa sensa kubwa, milimita 600 kwa mita 10 inakupa upana wa sentimita 60 tu. Hapo ni uso, basi. Mama akimpa mwanawe mkono, mkono uko nje ya picha. Milimita 200 inakupa mita 1.8, na 70 inakupa mita 5, yaani familia nzima ikichambuana manyoya. Na sokwe wakiamua kukupitia karibu zaidi, unawapisha. Hapo hata 150 inabana.

La pili ni mwanga, na kwangu hili ndilo linaloamua. Chini ya miti ni giza hata saa sita mchana, sokwe mwenyewe ni mweusi, na flashi hairuhusiwi. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana: kutoka f/6.3 hadi f/2.8 unapata mwanga mara tano. Pale ambapo ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ya 3200 inatosha kwa lenzi fupi, ile ndefu itadai ISO 16000, na video itajaa chenga. Kwenye picha za mnato unaweza kupunguza kasi ya shata ukaombea mnyama atulie. Kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde kasi ya shata imefungwa kwenye 1/50 ya sekunde, huna pa kukimbilia.

Bi_Sauti
Mwanaziwa kaka yangu, naona wote mmeshika lenzi, sauti hakuna aliyeitaja. Sokwe wanaanza kusikika kabla ya kuonekana: mmoja anaanza chini chini, wengine wanapokea, bonde zima linaitika, halafu dume anapiga mizizi ya mti kama ngoma. Wanafunzi watakumbuka hilo kuliko picha yoyote. Maiki ya kwenye kamera itakuletea pumzi zako na majani unayokanyaga. Tafuta maiki ndefu yenye manyoya ya kuzuia upepo, na mwenzako mmoja kazi yake iwe hiyo tu.

Na barakoa ni lazima, kwa sababu mafua yetu yanawaua. Pumzi inapanda na kutia ukungu kwenye kitundu cha kuangalizia, kwa hiyo ibane vizuri puani, au zoea kutumia skrini. Fanya mazoezi nyumbani, maana ukiwapata unapewa saa moja tu.

Lenzi_Ndefu
Hesabu ya mita 10 imenibadilisha, Kungwe. Basi 70-200. Na angalia kwenye menyu: kamera nyingi za sensa kubwa zina uwezo wa kurekodi kwa kutumia sehemu ya kati ya sensa, na 200 inakuwa kama 300. Kwazi akitua karibu na boti, hiyo itakusaidia.

Mwanaziwa
Asanteni sana. Na kadi na betri?

Kungwe
Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kadi mbili za GB 128 ni bora kuliko moja ya 256, ikiharibika moja unabaki na nyingine. Nakili kila jioni kwenye diski mbili. Betri nne, uzichaji usiku kambini, maana mchana mko porini. Ukienda kwa ndege, betri za akiba ni za begi la mkononi. Stendi ya miguu mitatu iache, mteremkoni haikai. Beba ya mguu mmoja.

Droni usiibebe kama huna kibali. Na hata kama hamuuzi filamu, waandikieni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) mapema mkieleza mnachokwenda kurekodi. Msisubiri mfike getini.

Mwanaziwa
Nimeelewa. Nakodi 70-200, na barua naiandika wiki hii. Mwenye maiki ya kukodisha hapa Kigoma anitumie ujumbe, tafadhali.