Land Cruiser 79 ya kulala nyikani: nianzie wapi?

Kaka_Mambrui

Assalaam alaikum wandugu. Nina Land Cruiser 79 ya kebini moja, injini 1HZ ya dizeli, bodi ya chuma nyuma, matairi 7.50R16 ya tyubu kwenye rimu za ringi (zile zenye ringi ya chuma inayotolewa). Nataka itubebe watu wawili siku 5 au 6 bila kutegemea duka: Malindi hadi Sala Gate na Tsavo Mashariki, Marafa na huko ndani, michanga ya Mambrui na Ngomeni, na wakati wa kiangazi Garsen na delta ya Tana. Kulala ni kwenye hema la juu ya gari.

Nimepanga kununua hivi: kwanza kuinua gari inchi 4, kisha matairi ya inchi 35, bampa la chuma na winchi, hema, mwisho friji na betri ya pili. Fundi wa springi asema ataniongezea bapa mbili (vile vyuma bapa vya springi) kila upande juu ya springi zilizopo, kwa bei ndogo sana kuliko springi mpya. Nikubali? Na mpangilio wenyewe mwauonaje?

FundiGede

Waalaikum salaam kaka. Mpangilio umeupindua. Springi huchaguliwa kwa uzito, na uzito hujaujua bado.

Hesabu ya haraka: kanopi (sanduku la kufunika bodi ya nyuma) kilo 150, droo 70, friji ya lita 45 ikiwa na vitu ndani 35, maji lita 60 ni kilo 60, madumu mawili ya dizeli ya lita 20 kama 42, hema 60, betri ya AGM (ya risasi, iliyofungwa) ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, kilo 30, tairi la pili la akiba 40, zana 30, bampa 65, winchi 35, nyinyi wawili 150. Hizo ni 767, na chakula na nguo bado havijapanda. Fanya kila kitu kwanza kwenye karatasi namna hiyo. Vikishafungwa, jaza dizeli na maji, pandeni wote, mtafute mizani ya malori. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima, ulinganishe na kibati cha gari na kitabu chake. Watu wengi hubaki ndani ya uzito unaoruhusiwa wa gari zima lakini ekseli ya nyuma imeshapita.

Mahali kitu kilipokaa ni muhimu kama uzito wake. Kutoka ekseli hadi ekseli gari yako ni milimita 3,180. Tairi la kilo 40 likitundikwa mlango wa nyuma, mita 1.2 nyuma ya ekseli, laongeza kilo 55 kwenye ekseli ya nyuma na kunyanyua kilo 15 kutoka mbele. Maji na betri viwekwe chini, vigusane na ukuta wa nyuma ya kebini. Vitu vyepesi, magodoro na nguo, ndivyo vikae mkiani.

Sasa springi. Bapa mpya juu ya springi iliyochoka ni rahisi leo na ghali kesho. Za zamani zimelala, mpya imepinda zaidi, kwa hivyo mzigo wote waibebesha ile mpya mpaka ipasuke, na mara nyingi hupasuka penye tundu la bolti ya katikati. Nunua seti nzima iliyotengenezewa mzigo wa kudumu unaokaribia wako. Zauzwa kwa madaraja, kwa mfano kilo 300 au 600 za kudumu. Usichukue ya 600 kwa kujihami kama wewe ni wa 350: kwenye mawimbi (mabati) ya barabara ya murram gari itarukaruka, shokomzoba zichemke, na droo zako zilegee misumari. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazoshika springi kwenye ekseli, zisirudiwe, ziwe mpya. Kaza tena baada ya kilomita 100, halafu 500, gari ikiwa imesimama kwa matairi yake.

Inchi 4 achana nazo. Milimita 50 zatosha. Mbele una springi za koili na mikono miwili iliyoshika ekseli. Ukiinua, ekseli yazunguka kidogo na usukani wapoteza kama digrii 2 za ule mlalo unaoufanya ujirudishe wenyewe. Gari yaanza kutangatanga kwenye lami. Dawa yake ni bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono hiyo, na wengi hawaziweki mpaka waone tairi zimeliwa. Kagua pia urefu wa mipira ya breki ekseli ikining'inia kabisa. Na kama yako ina valvu ya breki inayosoma mzigo, ile yenye kifimbo kilichoshikana na ekseli ya nyuma, lazima irekebishwe. Gari ikiinuka, valvu yadhani hakuna mzigo, inapunguza breki za nyuma, na mbele ndiko kwabeba kazi yote.

La mwisho kutoka kwangu: kanopi isifungwe kavu kwenye chesisi. Chesisi hujipinda ikivuka mtaro. Kanopi iliyokazwa pande zote itapasuka kwenye pembe. Mbele kaza, nyuma weka bolti zenye raba nene au springi. Tumia matundu yaliyopo, usichomelee chesisi. Ukibadilisha aina ya bodi, NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) wajulishwe na logbook, hati ya umiliki, irekebishwe, usije ukasumbuliwa ukaguzi au bima.

Mchanga_wa_Ngomeni

Fundi kasema vyema, nami niingie kwenye matairi.

Inchi 35 ni milimita 889. 7.50R16 yako ni karibu 810. Hiyo ni gia kupanda kwa karibu asilimia 10 kwenye injini isiyo na turbo yenye Nm 285. Kwenye mchanga mzito utabaki gia ya pili huku ukililia nguvu, mpaka ubadilishe meno ya difu (gia za ndani ya ekseli) mbele na nyuma. Chukua 265/75R16 ya nyuzi 10: kimo chake ni 804, yaani hata spidomita haitadanganya, na duka likikosa saizi hiyo utapata jirani yake. Uzinunue na rimu za chuma zisizotumia tyubu, tundu 5 za bolti kwenye duara la milimita 150.

Rimu za ringi zina sifa yake, waweza kuziba tairi popote kwa vyuma viwili na nyundo. Shida ni upepo. Ukishuka chini ya 20 psi (kipimo cha upepo) tairi lateleza juu ya rimu, tyubu yabaki nyuma, valvu yang'oka. Na mchanga wa kwetu hautaki 20.

Vipimo vya kuanzia, matairi yakiwa baridi na gari imebeba: lami 38 psi nyuma na 34 mbele, murram 28, mchanga 16 hadi 18, ukizama kabisa 12, mwendo wa pole, usukani usiukate ghafla, tairi litatoka kwenye ukingo wa rimu. Kwa 16 usipite kilomita 40 kwa saa. Ukirudi barabarani jaza kabla ya kukimbia. Ukuta wa tairi lenye upepo mdogo wapata moto mpaka ufumuke. Mchanga wa alfajiri, wenye unyevu, wabeba gari kuliko wa saa nane mchana. Huko Mambrui na Ngomeni usipite juu ya mstari wa maji kujaa, ndiko kasa hutaga.

Winchi iache. Kwenye matuta ya mchanga utaifunga kwenye nini, mnazi wa nani? Kilo 35 za winchi na 65 za bampa ziko mbele kabisa ya ekseli, mahali pabaya. Kwa fedha hizo nunua kompresa nzuri ya 12 V, vibao vinne vya kujinasulia, koleo la mpini mrefu na kamba ya kuvuta inayonyumbuka yenye shakeli (pingu za chuma) zilizoandikwa uzito zinaoweza kubeba. Ukihisi gari yashuka, toa mguu papo hapo. Kila mzunguko wa tairi ni sentimita nyingine chini. Chimba mbele ya matairi na chini ya difu, shusha hadi 12, weka vibao, na mara nyingi kurudi nyuma kwenye nyayo zako ni rahisi kuliko kwenda mbele. Kamba ifungwe kwenye ndoano ya chesisi, kamwe si kwenye lile tufe la chuma la kuvutia trela: ikikatika huruka kama risasi.

Adui wa tairi huku si mchanga peke yake. Upande wa Tana ni miiba ya mathenge, upande wa Gede ni tumbawe lenye ncha. Beba kamba za kuzibia angalau 20 na sindano zake mbili, moja huvunjika.

Bajuni_wa_Amu

Umeme. Friji ya kompresa ya lita 45 yavuta ampea 4 hivi ikizunguka, na kwa joto letu huzunguka karibu nusu ya siku. Piga hesabu ya Ah 40 hadi 50 kwa saa 24. AGM ya Ah 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo una siku moja tu. Lithiamu ya LiFePO4 ya Ah 100 yatoa 80 bila shida na ina kilo kama 12. Hapo umeshaokoa kilo 18 za fundi. Ila isikae karibu na injini, na isiunganishwe moja kwa moja na altaneta: yanywa kila inachopewa, altaneta yachemka. Yataka chaja ya DC kwa DC, ile inayokaa kati ya betri mbili na kudhibiti umeme, ya ampea 25 au 30. Ukibaki na AGM, 1HZ haina altaneta ya kuongozwa na kompyuta, relei (swichi ya umeme ya kuunganisha betri mbili) inayohisi volti yatosha.

Kosa kubwa ni waya mwembamba. Kutoka injini hadi nyuma ya kebini ni kama mita 6, kwenda na kurudi 12. Waya wa milimita 6 za mraba kwa ampea 30 wapoteza zaidi ya volti 1, betri haijai hata uendeshe mpaka Garsen. Wa 16 wapoteza 0.4 hivi, na chaja yaweza kuimeza. Waya wa friji peke yake uwe 4, si 1.5 ile inayokuja na soketi ya kiberiti. Friji nyingi hujizima zikidhani betri imekwisha kumbe ni waya. Fyuzi ya ampea 60 iwekwe kando ya kila betri, mbili, kwa sababu waya ukichubuka katikati kila betri itautia moto kutoka upande wake.

Paneli ya wati 120 juu ya kanopi, kwa jua kamili la muda wa saa tano, yarudisha kama Ah 35. Iache sentimita 3 kutoka kwenye bati ipate upepo, joto laishusha nguvu. Na nyaya tumia za mashua, zile za shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu hewa hii ya chumvi huigeuza kijani ndani ya mpira wake na hutaona mpaka izime.

Mwanakombo_K

Kaka, hakuna aliyetaja kutu, na gari iko Mambrui! Kabla ya kufunga chochote, osha chesisi kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ya shinikizo, ndani ya mabomba yake pia, iache ikauke siku mbili juani, kisha upulize nta ya mashimo au mafuta ya lanolini. Rudia kila mwaka kabla ya masika. Ile tabia ya kupaka oili chafu iache: huvimbisha bushi za mpira na kukusanya mchanga, na mchanga hushika maji ya chumvi. Baada ya kila safari ya pwani mwaga maji juu ya springi, nyuma ya difu na juu ya tangi la dizeli, hapo ndipo uchafu hulala.

Bolti ya chuma kisichoshika kutu ikigusa aluminiamu ya kanopi, penye chumvi, aluminiamu yaliwa. Weka washa ya plastiki na grisi katikati. Droo: plaiwudi ya baharini milimita 12, shiti yake kama kilo 21, ya 18 ni 32. Kingo zipakwe epoksi kabla ya kufunga, sio baada. Kanopi nyeupe, tafadhali, nyeusi ni tanuri.

Gesi ya kilo 6 isifungiwe ndani na watu au friji. Yavuja chini, ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo kisanduku chake kiwe na tundu sakafuni. Maji mnywe mtu mmoja lita 5 kwa siku, ya kuoga ni hesabu nyingine. Na mkipita kwenye majani makavu ya nyika, simameni kila saa moja mtazame juu ya bomba la moshi. Majani hujikusanya pale na huwaka.

Tsavo mlipie kabla kwenye eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali ya Kenya, getini hawapokei fedha mkononi, na kulala ni kwenye kambi zilizotengwa tu.

Kaka_Mambrui

Shukran sana fundi, shukran bi Mwanakombo na nyote. Winchi na bampa nimezifuta, hapo kilo 100 zimeondoka. Mawili yamebaki. Mtu aniuzia mifuko ya upepo ya kusaidia springi za nyuma, badala ya springi mpya. Na udongo mweusi wa Garsen, huo nao 16 psi?

FundiGede

Mifuko hapana, si badala ya springi. Springi ya bapa hugawa mzigo sehemu mbili za chesisi, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko hukaa juu ya ekseli na kusukuma sehemu moja katikati. Uzito ukining'inia nyuma na gari ikitua kwenye shimo, chesisi hupinda hapo hapo. Mizigo ikiwa inabadilika sana waweza kuitumia kwa upepo mdogo pamoja na springi sahihi, lakini mzigo wako ni wa kudumu.

Mchanga_wa_Ngomeni

Udongo mweusi si mchanga kaka. Mchanga wataka tairi pana lielee. Udongo ule ukilowa hujaza meno ya tairi na gari yateleza kama imevaa sabuni, hata ushushe upepo vipi. Kaa 22 hadi 25, gia ya pili ukiwa kwenye gia za chini za 4x4 (low), mwendo ule ule, usikanyage breki. Mvua ikinyesha simama juu ya barabara iliyoinuka, usishuke pembeni. Jua la siku moja au mbili huukausha juu, na uukanyage kwa mguu kwanza: kisigino kikizama zaidi ya sentimita 5, pika chai.