Pizza ya Forodhani inanipasukia kwenye tawa, naomba ushauri

mla_forodhani
Wakuu, habari za jioni. Naulizia pizza ya Zanzibar, ile ya kukunjwa mraba na kukaangwa, inayouzwa usiku bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe. Ya tanuri msinielekeze, hiyo siitaki hata ya bure. Jumamosi nina wageni 12, natumia jiko la gesi na tawa la chapati. Donge ni la chapati za kawaida, linapumzika nusu saa. Nikilivuta linarudi, nikilazimisha linachanika na yai lote linaishia kwenye tawa. Nikitumia manda za sambusa je?

FundiChapati
Manda sahau, mkuu. Zimeshapita motoni, hazivutiki tena, kona zitapasuka ukianza tu kukunja. Kinachokuangusha ni hiyo nusu saa. Unga uliotoka kukandwa umekaza, lazima upewe muda ulegee.

Kwa pizza 8: unga wa ngano mweupe gramu 500 (si atta, ule usiokobolewa, pumba zake zinachana), maji ya uvuguvugu mililita 290, mafuta vijiko 3 vya mezani, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Hamira hapana, vipovu vyake vinageuka matundu ukivuta. Kanda dakika 10, kata madonge 8 ya gramu 70 na 8 ya gramu 30, yapake mafuta mengi mpaka yateleze, funika, acha saa 2 hadi 3. Wageni 12 ni unga gramu 750, na vingine ongeza nusu yake.

Usisukume kwa kifimbo. Paka mafuta juu ya meza ya marumaru au sinia, bonyeza kwa vidole kutoka katikati kwenda nje mpaka upana wa sentimita 25 hivi.

mla_forodhani
Shukrani sana. Hayo ya gramu 30 ni ya nini?

Bi_Kotmiri
Mwanangu, hapo ndipo yai lako linapopotelea. Ukishakunja, juu kuna tabaka kadhaa, lakini chini umebaki ukoko mmoja mwembamba unaobeba umajimaji wote. Donge dogo livute sentimita 12, lilaze katikati ya lile kubwa, kisha vitu vyote viwe juu yake.

Kima ipike kwanza na thomu (kitunguu saumu), tangawizi na chumvi mpaka ikauke kabisa, iache ipoe. Ikiwa ya moto inalainisha unga kabla hujakunja. Kwa watu 12 gramu 700 mbichi zinatosha. Kila pizza: kima vijiko 3 vya mezani, kitunguu na pilipili boga kijiko kimoja kimoja, vikatwe vidogo sana (vipande vikubwa vinatoboa), jibini ya pembetatu moja, mayonezi kijiko cha chai, yai moja. Nyanya usitie, maji yake ni balaa. Koroga hapo hapo juu ya unga kwa ncha za vidole, kunja pande nne, weka kwenye tawa papo hapo.

Napoli_Damu
Samahanini, ila hiyo ni chapati ya kima. Pizza ni Napoli: tanuri la kuni, sekunde 60 hadi 90, basi.

FundiChapati
Napoli na heshima zake, UNESCO imeitambua sanaa yao tangu 2017. Lakini mkuu kauliza habari ya tawa.

Muscat_Seeb
Ukoo wa pizza ya Zanzibar ni mutabbaq, mkate mwembamba wa kujazwa na kukaangwa, wa Yemen na huku Ghuba, ukunjaji ni ule ule. Mayonezi na jibini ya pembetatu ndivyo vya Forodhani, ukiviondoa usiiite pizza ya Zanzibar. Mimi upande wangu ni Forodhani, sibishani.

mla_forodhani
Na moto? Nje inaungua, ndani yai bichi.

Bi_Kotmiri
Moto wa wastani, mafuta vijiko 2 au samli. Upande bapa uanze chini dakika 3 au 4, huku ukimwagia mafuta ya moto juu ya mikunjo ili ishikane, ndipo ugeuze. Bonyeza katikati kwa mwiko: ikitoa majimaji, punguza moto uiongeze dakika. Na usizikunje zote mapema ukazipanga foleni. Ikikaa dakika tano tu, chini inaloa na kugandia kwenye sinia. Ya wageni kunja moja wakati nyingine iko motoni.

FundiChapati
Za watoto tia ndizi mbivu na Nutella, bila yai. Dakika 2 kila upande, chokoleti inaungua haraka.