Kijitrekta cha Massey Ferguson 135: nikipake rangi upya au nikiache kilivyo?

Mkaazi wa Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu wapenzi wa matrekta.

Nina kijitrekta cha chuma chenye urefu wa sentimita tisa hivi, nilichokinunua Darajani kwa muuza mtumba aliyekuwa amekichanganya na vijiko na vifuniko vya mabirika. Chini ya tumbo lake zimo herufi za kuinuka zinazosomeka Massey Ferguson 135, pamoja na jina la Britains, watengenezaji wa vitu vya kuchezea wa Uingereza. Rangi nyekundu imebanduka kwenye ncha za bonneti na juu ya madigadi, eksozi imekatika nusu, na gurudumu moja la mbele halizunguki.

Ami yangu aliendesha trekta la aina hiyo kwa miaka mingi katika mabonde ya mpunga, nami nikiwa mtoto nilikuwa nikipanda juu ya digadi la kushoto na kushikilia taa, jambo ambalo leo singemruhusu mwanangu alifanye hata kwa dakika moja. Ninakusudia kukiweka sebuleni kikiwa na plau nyuma yake. Je, nikipake rangi upya? Na plau nilipateje? Yale niliyoyaona mtandaoni ni ya majembe ya kupindua udongo, ilhali ami alichimba kwa plau la visahani vitatu.

Kabati la Malindi

Waalaykumu ssalaam. Usikipake rangi, na wala usikiguse kwa msasa.

Nilikuwa na Dinky ya zamani (nayo ni chapa ya vitu vya kuchezea), trekta la Massey-Harris, ambayo niliitumbukiza katika dawa ya kuondolea rangi nikiamini kwamba nitaifanya mpya. Baada ya dakika kumi nilibaki na kipande cha chuma cha kijivu kisichokuwa na rangi wala maandishi, na rangi niliyoipaka mwenyewe ilikuwa nzito kiasi kwamba ilifunika mistari yote ya rejeta. Wakusanyaji wanathamini rangi ya kiwandani hata ikiwa imebanduka, na ikishaondoka hairudi. Isitoshe, rangi za vitu vya kuchezea vya zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kupeperushwa ndani ya nyumba yenye watoto.

Kwanza kichunguze kwa kioo cha kukuzia. Vitu hivi vilimiminwa kwa mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa ni zinki, na zinki iliyoingiwa na uchafu kama risasi huvimba na kupasuka yenyewe kwa ndani, hasa penye joto na unyevu, kama huku kwetu. Maradhi hayo hayana dawa. Yamezoeleka zaidi katika vitu vilivyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na kwa kuwa trekta halisi la 135 lilianza kuundwa mwaka 1964, cha kwako hakiwezi kuwa cha wakati ule, kwa hivyo sina hofu kubwa. Ukiona nyufa nyembamba kama za gamba la yai, ndiyo dalili yake.

Kisha kioshe kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni na mswaki laini, ukiepuka maandishi ya kubandikwa, na ukikaushe kivulini. Gurudumu lisilozunguka mara nyingi limefungwa na nywele au uzi uliojizungusha kwenye ekseli. Utoe kwa sindano, halafu utie tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano hiyo hiyo. Mafuta ya nazi usiyatie, kwa sababu baada ya muda hunata na kukusanya vumbi, na mafuta ya aina yoyote yasifike kwenye mpira wa matairi. Kwa kuwa Wete mnapata upepo wa bahari, kiweke ndani ya kioo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja katika maboksi ya viatu.

Dereva wa Cheju

Mzee wa Malindi amesema kweli kuhusu msasa, ingawa sisi madereva twacheka kidogo, maana matrekta yetu hupakwa rangi upya kila fundi anapopata nafasi na hakuna anayelia.

Nitasema kuhusu plau. Wengi wanaotengeneza mfano wake husimamisha sahani wima kama magurudumu ya baiskeli, na hapo mtu aliyewahi kuchimba hujua mara moja kwamba aliyelitengeneza hajapata kukaa kwenye kiti. Sahani huelekezwa upande kwa nyuzi 42 hadi 45 kutoka mwelekeo wa trekta, na huegemea nyuma kwa nyuzi 15 hadi 25, ndiyo maana hukata udongo na kuugeuza huku ikibiringika. Kwa sababu inabiringika, hupanda juu ya mzizi au jiwe badala ya kukwama, na hiyo ndiyo sababu ya kutumika kwake penye mawe. Usisahau gurudumu la nyuma, lile jembamba la chuma linalokwenda mtaroni likiwa limelala upande: bila ya hilo, sahani huusukuma mkia wa plau pembeni na dereva hupigana na usukani siku nzima.

Sahani ya inchi 26 ina upana wa sentimita 66. Kijitrekta chako ni cha kipimo cha 1:32, yaani kimepunguzwa mara 32 kuliko trekta halisi, kwa hivyo sahani iwe na upana wa sentimita mbili na kidogo. Kama ami yako alichimba penye udongo mzito, inawezekana alitoa sahani moja akabaki na mbili, kwani trekta lile lina nguvu za farasi 45 hivi tu. Muulize, ikiwa yupo.

Fundi Mfenesi

Sahani hizo nimezitengeneza. Chukua kopo la maziwa ya unga, ukate duara kwa mkasi, na uchimbe kishimo kifupi katika kipande cha mbao ya mfenesi. Weka duara juu ya kishimo, weka gololi juu yake, kisha ugonge taratibu kwa nyundo huku ukilizungusha duara kila baada ya pigo. Ukigonga kwa haraka, ukingo hujikunja kama kaimati iliyoharibika. Mhimili mkuu uwe msumari wa inchi nne, na vijiti vya mishikaki vinatosha kwa mikono ya kufungia nyuma ya trekta. Unganisha kwa gundi ya mirija miwili.

Mkaazi wa Wete

Nawashukuru nyote. Sindano imetoa uzi wa bluu wenye urefu wa kiganja, na gurudumu sasa linazunguka. Nyufa sikuziona. Rangi nitaiacha, na eksozi pia nitaiacha ilivyokatika, kwa sababu ami ananiambia kwamba la kwake nalo lilikatwa na tawi la mwembe. Anasema vilevile kwamba alichimba kwa sahani tatu mwaka mzima, udongo mzito au mwepesi, na kwamba anayetoa moja ni mvivu. Hilo namwachia ndugu yangu wa Cheju alijibu. Swali langu la mwisho: plau nilipake rangi gani?

Dereva wa Cheju

Msalimie sana ami yako, na umwambie kwamba dizeli ya bure hufanya kila mtu awe hodari.

Mhimili upake nyekundu, kisha uifute kwa kitambaa kabla haijakauka vizuri. Sahani usizipake chochote. Plau linaloshinda bondeni sahani zake hung'ara kama kioo kwa kusuguliwa na udongo, na ikitokea zimeingia kutu basi msimu umekwisha, au trekta ni bovu.