Tiara ya Kijapani ya pembe sita inalalia kushoto upepo ukikaza: naomba ushauri

Mwalimu_Raskazone (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi hapa Tanga, na likizo ya Juni nataka kukaa na watoto wa mtaani kwetu tutengeneze tiara. Zile za chelewa na gazeti, zenye mkia mrefu wa matambara, wanazijua vizuri sana. Safari hii nataka tufanye ya Kijapani, ile ya pembe sita inayoitwa rokkaku. Kwao ni Sanjo, mkoa wa Niigata, na mpaka leo kila Juni watu wa huko hugawanyika makundi wakapambana nazo angani. Nimeipenda kwa sababu uso wake mpana unachoreka, na huruka bila mkia.

Ya majaribio nimeshaiunda. Urefu sentimita 100, upana 80. Uti mmoja wa wima na fito mbili za kukingama: ya juu iko sentimita 25 kutoka kichwani, ya pili 25 kutoka chini, kwa hiyo kati yake kuna 50. Fito ni za muanzi nilionunua sokoni, nimezichonga kwa kisu. Karatasi ni ya kufungia zawadi, gundi ni uji mzito wa ngano, na kingo zote nimezipitishia uzi ndani ya pindo. Zile fito mbili za kukingama nimezivuta kwa uzi upande wa mgongoni mpaka zikapinda.

Asubuhi, upepo ukiwa mwanana, inapanda na kutulia. Mchana kusi ikikaza inaanza kulalia kushoto, inazunguka, halafu inajikita mchangani. Siku zote ni kushoto. Naomba kujua inalalia kwa nini, karatasi gani itahimili, na rangi nipake vipi isisambae. Mkia nisingependa kuufunga.

Pwani_Asilia

Mwalimu, funga mkia wa mita tatu mambo yaishe. Kanga kuukuu inatosha.

Mbongo_Hamamatsu

Mwalimu, umenigusa, maana mji ninaoishi ni mji wa tiara. Kuanzia tarehe 3 mpaka 5 Mei kila mwaka Hamamatsu nzima inahamia kwenye vilima vya mchanga vya Nakatajima, ufukweni. Kila mtaa una tiara zake zenye alama yake, na mtoto wa kwanza akizaliwa, familia na mtaa humrushia tiara yenye jina lake. Kamba zao ni za katani, nene, na wanazisuguanisha mpaka moja inakatika. Ukisimama karibu unasikia harufu ya kamba kuungua.

Tukija kwenye shida yako. Usikubali mkia bado, maana mkia utaificha hiyo shida bila kuiondoa. Wewe mwenyewe umeshatoa jibu nusu: upepo mdogo imetulia, upepo mkubwa inalala. Tiara ikiwa nzito upande mmoja, au nyuzi za kifuani (zile fupi zinazounganisha fito na uzi mrefu) zikiwa na urefu tofauti, utaliona hilo hata kwenye upepo mdogo. Ikilala kwenye upepo mkali tu, mtuhumiwa wa kwanza ni ulaini wa fito. Upande wa kushoto unapinda zaidi kuliko wa kulia, upepo unamwagika pale, na tiara inaangukia huko huko.

Jaribu hivi. Toa fito za kukingama (au kama zimegandishwa, zipime hapo hapo), shika katikati, kandamiza ncha ya kushoto mezani kisha ya kulia kwa nguvu ileile. Mkono utakwambia. Njia ya pili: pinda ufito wote juu ya karatasi kubwa, chora mkunjo wake kwa penseli, kisha ugeuze kulia kushoto na uchore tena. Michoro miwili ikipishana, umempata.

Kabla ya hapo niambie: fito umezichonga upande gani, wa ngozi au wa ndani?

Mwalimu_Raskazone

Nimechonga pande zote mbili, nilitaka ziwe laini na nyembamba. Kumbe ina maana?

Mianzi_Njombe

Ina maana sana, mwalimu. Nguvu ya muanzi imo kwenye ngozi. Nyuzi zimebanana pale nje, na kadiri unavyoingia ndani ndivyo zinavyopungua. Ngozi usiiguse kabisa, zaidi ya kulainisha vifundo vilivyotokeza. Unene wote upunguze kwa kukwangua upande wa ndani, kidogo kidogo, kwa kisu kikali au kipande cha kioo ukiwa umevaa glovu.

La pili ni umri. Muanzi mchanga, wa mwaka mmoja, una maji mengi na ukikauka unajikunja. Tafuta wa miaka mitatu kwenda juu, uliokatwa kiangazi na kukaushwa kivulini. Huku kwetu ile inayogemwa ulanzi ni mizito na imejaa ndani hasa chini; kwa fito nyembamba mimi huchukua sehemu ya juu zaidi, yenye pingili ndefu.

La tatu ndilo litakalokusaidia leo. Fito zako mbili za kukingama zipasue kutoka muanzi mmoja, vipande vilivyokuwa jirani. Halafu angalia vifundo. Kila kifundo ni sehemu inayopinda tofauti na pingili, kwa hiyo pima kabla ya kukata: ama kifundo kikae katikati kabisa, ama katikati ya pingili iwe ndiyo katikati ya ufito, ili kulia na kushoto vifundo viwe umbali sawa. Ufito wenye kifundo kimoja kushoto na viwili kulia hauwezi kupinda sawasawa, hata uukwangue vipi.

Kwa tiara ya 100 kwa 80 fito za kukingama ziwe na upana wa kama milimita 6 na unene wa 3. Uti uwe mnene kidogo, wenyewe haupindwi.

Babu_Ngambo

Asalaam aleikum. Nimefuata mazungumzo haya kwa furaha, nami nina la kuuliza kabla ya kuchangia. Hivi Wajapani wenyewe wote wanatumia mianzi? Maana sisi Unguja tiara ni chelewa tangu zama, na vijana wakisikia ya Kijapani wanadhani lazima kila kitu kiagizwe.

Mbongo_Hamamatsu

Waaleikum salaam, babu. Swali lako ni zuri kuliko yote hapa. Wengi wanatumia mianzi, lakini si wote. Kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu, eneo la Tsugaru mkoani Aomori, baridi ni kali na muanzi mzuri haupatikani. Watu wa kule wanapasua mti wa huko uitwao hiba, wakapata fito nyembamba, na tiara zao zenye nyuso za mashujaa ni miongoni mwa zinazosifiwa sana nchini. Hakuna Mjapani anayesema ile si tiara ya kweli kwa sababu haina muanzi.

Ndivyo ilivyo kila mahali. Nagasaki wana ndogo ya pembe nne, fito mbili tu, nyepesi na yenye mbio, kwa sababu kazi yake ni kukata uzi wa mwingine. Shirone, ambayo siku hizi ni sehemu ya jiji la Niigata, wanarusha za kama mita 5 kwa 7 kutoka kingo mbili za mto Nakanokuchi. Zikishikana zinaanguka mtoni, kisha pande mbili zinavutana kwa kamba mpaka moja ikatike. Kila mji ulitazama upepo wake na miti yake. Kwa hiyo babu, chelewa ikitosha nguvu, itumike bila kuona haya.

Babu_Ngambo

Ahsante mwanangu. Basi niseme la chelewa. Chelewa ina shina nene na ncha nyembamba, kwa hiyo ukiikingamisha peke yake lazima upande mmoja uwe laini. Sisi tunachukua mbili, moja shina lake kulia na nyingine shina lake kushoto, tunazifunga pamoja kwa uzi kila baada ya vidole vinne. Nguvu inakuwa sawa pande zote. Kwa tiara ya sentimita 80 sidhani zitahimili kusi ya mchana, lakini kwa watoto wadogo, mwalimu, fanya ya 50 kwa 40, vipimo vyote vikatwe nusu, na chelewa mbili mbili zitafaa.

Gundi, uji wa muhogo unashika kuliko wa ngano. Uchuje kwa kitambaa, madonge yanaongeza uzito.

Mwalimu_Raskazone

Shikamoo babu, na ahsanteni nyote. Nimepima jinsi ndugu wa Hamamatsu alivyosema. Ufito wa chini ndio wenye kasoro: upande wa kushoto una vifundo viwili na wa kulia kimoja, na kushoto unapinda wazi wazi. Kesho napasua mwingine. Bado nina kiu ya karatasi na rangi.

Mbongo_Hamamatsu

Karatasi yao ni washi, inayotengenezwa hasa kwa maganda ya mti wa kozo, jamii ya mforsadi. Nyuzi zake ni ndefu, ndiyo maana ni nyepesi na bado haichaniki ovyo. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ufundi wa kutengeneza washi katika urithi wa dunia usioshikika. Ile ya mkono ni ghali, na kwa kujifunzia huihitaji. Wengi huku wananunua karatasi ya shoji, ile ya milango ya kuteleza ya nyumba za kienyeji. Inauzwa kwa roli madukani, na roli la kawaida lina upana wa sentimita 94 na urefu wa mita 7.2, kwa hiyo tiara yako inatoka bila kiungo. Ukimpata ndugu anayerudi likizo mwombe akubebee, ni nyepesi.

Ukikosa, karatasi ya zawadi iendelee, ila chagua isiyo na nta, na pembe zote sita uzitie kiraka kwa ndani, kwa sababu hapo ndipo panapoanza kuchanika.

Rangi ndiyo furaha yenyewe, naomba nikae hapo kidogo. Mafundi wanaanza na mistari ya wino mweusi, minene, kisha wanajaza rangi za maji zinazopitisha mwanga. Tiara inatazamwa kutoka chini, jua likiwa nyuma yake. Rangi nzito ya mafuta ikifika juu inaonekana kivuli cheusi tu, na inaongeza uzito. Nyekundu, njano na buluu zilizozimuliwa kwa maji zinawaka kama kioo cha rangi dirishani. Mistari iwe minene kuliko unavyodhani inafaa, maana kwa mita 60 mstari mwembamba haupo.

Kuzuia kusambaa: wao hupaka kwanza maji ya gundi ya wanyama yaliyotiwa shabu. Shabu inapatikana sokoni kwenu. Paka kwa brashi pana, tabaka jepesi, acha ikauke kabisa ndipo uchore. Na uchore kabla ya kugandisha fito, karatasi ikiwa bado bapa mezani.

Kijana_Ngamiani

Wakuu, mie naombeni namna ya kupaka uzi unga wa chupa kama wale wa Nagasaki. Tukate tiara za Chumbageni.

Mbongo_Hamamatsu

Mdogo wangu, hapana. Nagasaki wanapaka sehemu tu ya uzi, ile ya karibu na tiara, na wanakutana kwenye viwanja vya mlimani walivyovitenga. Mtaani uzi wa namna hiyo ukilegea barabarani unakutana na shingo ya mtu wa bodaboda. Sanjo na Hamamatsu wanapigana bila kioo, wanashinda kwa msuguano na ujanja wa mkono. Jifunze hivyo.

Mianzi_Njombe

Naunga mkono. Na hata uzi wa kawaida, mbali na nyaya za umeme, tafadhali.

Mwalimu_Raskazone

Wakuu, ufito mpya umeingia, vifundo viko sawa pande zote. Jana mchana kusi ilikuwa kali na tiara ilisimama wima, haikulala kabisa. Watoto walipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Sasa imebaki jambo moja: inavuta sana, mtoto wa darasa la tano haishiki peke yake, na mara nyingine inayumba kulia na kushoto bila kuanguka. Nyuzi za kifuani nimefunga nne, mbili kila ufito, sentimita 20 kutoka kwenye uti.

Mbongo_Hamamatsu

Hongera sana, mwalimu! Sehemu za kufungia ziko sawa. Kinachobaki ni lile fundo moja ambapo nyuzi zote nne zinakutana na uzi mrefu. Liwe fundo linaloteleza ukilisukuma na linaloshika likivutwa. Upepo mkali, lisogeze kuelekea kichwani, sentimita moja tu kwa wakati: tiara italala zaidi juu ya upepo na mvuto utapungua. Upepo mdogo, lirudishe chini kidogo. Ukilishusha mno itavuta sana na haitapanda.

Kuyumba kunatibiwa na mpindo. Kwa ufito wa sentimita 80, pima katikati kutoka uzi wa mgongoni mpaka kwenye ufito: upate 8 mpaka 10. Ikiwa bado inayumba kaza ifike 12. Ukimaliza kurusha legeza nyuzi hizo, la sivyo muanzi utazoea kupinda na nguvu yake itaisha.

Uzi wa mkononi usiwe mshipi wa kuvulia, unakata vidole. Ile kamba ya nailoni ya waashi ni nzuri, izungushieni kwenye kipande cha mti, na wawili washike pamoja.

Mwalimu_Raskazone

Nimepima mpindo sasa hivi, ni 6 tu. Naukaza.

Babu_Ngambo

Ukaze, na fundo usilisogeze kwanza. Badilisha kimoja, rusha, ndipo ubadilishe cha pili.